Saa Mkononi mwa Zimwi

Jumanne, 10 Februari

Bi Daftari,

Shikamoo. Hunijui, nami nakujua kwa jina hilo moja tu ulilopewa na wenzako kazini. Nimelisoma katika jarida la wapenzi wa filamu za zamani ambalo mteja alilisahau kwenye kiti dukani kwangu. Mimi ni fundi miwani. Jarida lilisema wewe ndiye uliyekuwa mtunza mfuatano wa *Pumzi Nyuma ya Ukuta*, yaani yule anayekaa kando ya kamera na daftari akihakikisha kikombe kilichoshikwa mkono wa kushoto asubuhi hakihamii mkono wa kulia jioni. Sikujua kama kuna mtu anaajiriwa kwa kazi hiyo. Nilicheka, kisha nikaona mistari ya chini yake, nikaacha kucheka.

Waliandika kwamba kosa maarufu kuliko yote katika filamu hiyo ni zimwi kuvaa saa. Kiumbe kimetoka sayari isiyo na jua, kimetambaa ndani ya kuta za chombo cha angani na kula mabaharia wanne, halafu kinatoa mkono kuzima taa na mkononi kina saa ya kamba ya ngozi. Wameandika vichekesho ukurasa mzima.

Bi Daftari, mkono ule ni wa baba yangu.

Alifariki kwa kifua nikiwa na miaka miwili. Mwaka uliofuata nyumba yetu ilishika moto, mama akatoka na mimi na blanketi tu. Hatuna picha yake hata moja. Jina lake halimo kwenye orodha ya mwisho wa filamu, na uso wake haukuonekana kwa sababu alikuwa ndani ya zimwi. Tulichobakiwa nacho ni zile sekunde mbili. Nimekua nikiona mama akiweka kanda, akifika pale anasema, "Huyo hapo," kisha anairudisha nyuma. Ameirudisha mara nyingi hadi kanda imechakaa mahali hapo hapo alipopapenda. Kwingine kote inaonekana vizuri, pale ni chenga tupu. Kanda nyingine nimetafuta kila mahali, sijapata.

Sasa mama ana presha ya macho. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linazidi kuwa dogo. Daktari amesema mwaka huu hautaisha kabla hajapofuka. Nami nawapimia watu macho kutwa, na kwa mama yangu sina la kufanya. Tumesikia filamu imesafishwa upya na itaonyeshwa ukumbini tarehe 17 Mei. Mama anahesabu siku kama mtoto anayesubiri nguo mpya.

Ninachokuomba ni hiki: jarida linasema ulikuwa ukipiga picha nyingi za papo hapo kwa ajili ya kazi. Je, unayo yoyote yenye uso wa baba? Walimwita Ngazi.

Mtoto wa Ngazi


Jumatano, 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia Alhamisi iliyopita. Umeandika Jumanne, tarehe 10. Tarehe 10 ilikuwa Jumatatu. Si ugomvi, ni maradhi. Nimestaafu miaka kumi na minne na bado siwezi kunywa chai nyumbani kwa mtu bila kuona kwamba saa yake ya ukutani inatofautiana na ya jikoni.

Ngazi namkumbuka sana. Alikuja kubadilisha taa za studio, na alizibadilisha bila kupanda kitu chochote, ndiyo asili ya jina. Mwongozaji alikuwa ametafuta zimwi refu wiki nzima. Akamwona baba yako amesimama na balbu mkononi, akasema, "Huyo huyo." Vazi lilikuwa la mpira, limeshonwa na kugundishwa juu yake kila asubuhi, na hakuweza kukaa ndani zaidi ya dakika ishirini. Akivuliwa viatu walimimina jasho kama mtu anayemwaga ndoo. Mate ya zimwi yalikuwa ute wa mayai na gundi ya karatasi. Ile pumzi inayowatisha watu hadi leo ni pampu ya baiskeli iliyofungwa kitambaa kibichi, na aliyekuwa akipampu ni mpishi wetu.

Wewe ni fundi, utapenda haya. Njia ndefu ya chombo wanayokimbia ilikuwa hatua kumi na nne tu. Walikimbia kwenda, tukageuza maandishi ya ukutani, wakakimbia kurudi. Nyota zilikuwa shuka jeusi lililotobolewa kwa msumari, taa nyuma yake. Katika tukio la 9 nyota moja inahama, watu wakaandika makala kuhusu maana yake. Alikuwa nondo, yule mdudu anayefuata taa. Daktari wa chombo anauawa tukio la 22 na tukio la 30 anapita nyuma amebeba trei, maana hatukuwa na watu wa kutosha. Sigara ya nahodha inarefuka kadiri anavyoivuta. Hilo niliwaambia siku ile ile, wakasema hakuna atakayeona.

Sasa picha. Ninazo mia mbili na kumi na mbili, nimezipitia zote kwa siku tatu, na baba yako yumo katika thelathini na moja. Zote ni mpira. Mwanangu, mimi nilikuwa napiga kile ambacho kamera ingekiona. Uso wake kamera haikuuona, basi na mimi sikuupiga. Alikuwa akikaa pembeni yangu na kichwa cha zimwi mapajani, anakula ndizi, anaongea, na haikunijia hata mara moja kuinua mashine. Roho inaniuma.

Ya saa nitakueleza siku nyingine. Niambie kwanza, mama yako anaona kiasi gani hasa?

Bi Daftari


Jumapili, 2 Machi

Shangazi,

Mama amesema nikuite hivyo. Nilipomsomea barua yako alinikatiza palipo na ndizi. "Huyo ndiye yule dada wa daftari," akasema. "Baba yako alikuwa akirudi nyumbani lazima amtaje. Dada kaniambia hivi, dada kanipa maji kwa mrija." Kama baba alikuita dada, basi mimi sina jina jingine la kukuita.

Usiumie kwa ajili ya picha. Mama hakuumia. Alisema, "Uso wake ninao. Mkono ndio unaonitoroka." Alinieleza kwamba uso anauona akifumba macho, lakini mkono hawezi kuuleta bila kuutazama, na ndio maana anaingojea hiyo filamu mpya. Waliotangaza wamesema imesafishwa hata vumbi linahesabika.

Umeuliza anaona kiasi gani. Nimempima jana. Jicho la kushoto linatambua mwanga tu. La kulia lina kipande katikati, ukubwa wa sarafu ukiishika mbali na uso. Ndani ya kipande hicho bado anasoma herufi ndogo, na mwezi Mei nina hakika kitakuwepo. Baada ya hapo sijui.

Nimekata tiketi mbili. Nilikwenda ukumbini mchana kukiwa kutupu, nikakaa kiti kimoja baada ya kingine nimeziba jicho, hadi nikapata penye kulingana na kipande chake. Safu ya tatu, kiti cha saba. Mlinzi alidhani nina wazimu.

Tunasubiri hadithi ya saa.

Mtoto wa Ngazi


Jumatatu, 10 Machi

Kwa Mkuu wa Chumba cha Ukarabati wa Filamu

Bwana mpendwa,

Mwezi Januari ulinijia nyumbani, ukanywa chai yangu, ukaniambia kwamba mimi ndiye pekee aliyebaki hai wa kikosi kile, na ukaniomba orodha ya makosa yote ili filamu isafishwe. Nilikupa makosa sitini na matatu. La kwanza lilikuwa saa ya zimwi.

Naomba mliache hilo. Mengine yote futeni, rudisheni hata sigara urefu wake, lakini saa iacheni. Halikuwa kosa. Nilikosea kuliita kosa. Kuna mjane anayekwenda kuona mkono ule tarehe 17 Mei na hana kingine duniani cha kuona.

Kama mmeshaufunika, naomba mfunue. Niko tayari kuja mwenyewe na kukaa na fundi wenu hadi amalize.

Wako,
Mtunza mfuatano wa zamani


Jumatatu, 24 Machi

Mama yetu mheshimiwa,

Tumepokea barua yako na kuisoma kwa heshima kubwa. Umetusaidia katika kazi hii kuliko mtu mwingine yeyote.

Kosa namba moja tulilishughulikia kwanza, kwa kuwa ndilo lililokuwa likichekwa zaidi. Lilimchukua fundi wetu siku nne. Kifundo cha mkono kimefunikwa kwa magamba yaliyonakiliwa kutoka tukio la 38, na tunaamini hata wewe hutaona palipounganishwa.

Kuhusu kufunua, tunasikitika haiwezekani. Kanda ya asili ya filamu ilikuwa ya mwisho iliyobaki. Ilishaanza kuoza na kunuka siki, ikateketezwa kwa usalama baada ya kunakiliwa. Nakala ghafi, ambazo hazijarekebishwa, tulikuwa nazo hadi wamiliki walipoidhinisha filamu. Zilifutwa tarehe 3 Machi ili kupisha kazi nyingine. Laiti barua yako ingetangulia wiki moja, fundi angeweza kufanya unachoomba kwa asubuhi moja.

Tuna habari njema pia. Kwa kutambua mchango wako, tumeongeza jina lako mwishoni mwa filamu, peke yake, kwa sekunde tano.

Kwa heshima,
Mkuu wa Chumba cha Ukarabati


Jumamosi, 19 Aprili

Shangazi,

Kimya chako kimetutia wasiwasi. Kama unaumwa, tuambie. Kama ni sisi tuliokusumbua kwa maswali, tusamehe.

Mama ameshona gauni la buluu. Amelishona mwenyewe kwa kupapasa, mimi kazi yangu ilikuwa kutunga uzi tu. Nilimwambia ukumbini ni giza, hakuna atakayeliona. Akanijibu kwamba hajalishona kwa ajili ya watu wa ukumbini.

Kipande cha jicho kimepungua kidogo. Ameacha kusoma na ameacha kuangalia televisheni, anasema anakitunza. Nimemweleza kwamba jicho si mafuta ya taa, halibaki kwa kutotumiwa. Mama ukimweleza jambo asilolitaka huwa anaanza kuimba, basi akaimba.

Zimebaki wiki nne. Ungekuwa karibu ningekukatia kiti cha nane.

Mtoto wa Ngazi


Jumamosi, 10 Mei

Mwanangu,

Siumwi. Nimeandika barua hii mara tano na kuichana mara nne, na hii sitaichana kwa sababu siku zimekwisha.

Saa haimo. Wameifuta. Mtakwenda, mtakaa kiti cha saba, mkono utatoka ukutani na utakuwa na magamba hadi begani. Waliofuta ni watu wa ukarabati. Aliyewaonyesha pa kufuta ni mimi.

Nisikilize, siyo ili unionee huruma, ila ujue ilivyokuwa. Siku ya tukio la 41 baba yako alifika hajalala, macho mekundu, anacheka peke yake. Wakati wa mapumziko akaniambia, "Dada, nimepata binti jana." Nikampongeza. Akakigeuzageuza kile kichwa mapajani, halafu akasema, "Filamu nzima hii hakuna hata kucha yangu itakayoonekana. Mama yake akija kumwonyesha baba yake, atamwonyesha nini?" Nilimjibu tu kwa methali, asiyekuwepo na lake halipo, tukacheka, akarudi kazini.

Mara ya tatu tulipolipiga lile tukio, mkono ulitoka na mpira ulikuwa umepanda. Saa niliiona kabla ya mtu yeyote. Kazi yangu ilikuwa kupaza sauti. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikaona kwamba mkono umesita juu ya taa kwa muda zaidi kuliko mara mbili za kwanza, nikaelewa kwamba mpira haukupanda wenyewe. Nikafunga mdomo. Kwenye daftari nikaandika neno moja: *Sawa.*

Kosa lile moja lilinimaliza. Kila studio niliyokwenda walinikumbuka kama "yule wa saa." Mtu aliyeona nondo kwenye nyota wakamwita kipofu, na sikuweza kujitetea bila kumsema baba yako, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Nilisikia pia kuhusu moto. Niliambiwa hakuna aliyetoka. Kwa miaka arobaini niliamini kwamba wewe na mama yako hampo.

Hivyo Januari kijana wa ukarabati aliponijia kwa adabu, akanikalia mbele na kalamu, niliona sasa nami nitasafishwa. Nikaiweka saa namba moja. Niliipigia mstari.

Bado sijafika penye ubaya. Barua yako ilinifikia Februari 13. Nakala zenye saa zilikuwa bado zipo hadi Machi 3. Ningemwandikia yule kijana siku ile ile, mama yako angemwona mumewe. Sikuandika. Niliona aibu kuomba walirudishe kosa nililolililia miaka yote, na niliona aibu zaidi kukwambia wewe. Nikajaza karatasi kwa hadithi za pampu na mayai. Nilipoandika ilikuwa Machi 10. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha wiki tatu na siku nne, na ndizo hizo tu zilizohitajika.

Usimpeleke. Au mpeleke, sijui. Sijui la kukushauri, na sina ninachoweza kufanya.

Bi Daftari


Jumatano, 21 Mei

Bi Daftari,

Barua yako imeletwa Jumamosi hiyo hiyo ya tarehe 17, saa nne asubuhi. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaitia kwenye droo ya vijiko. Mama alikuwa amevaa gauni tangu alfajiri. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani, na viatu ameshavaa.

Nilifikiria kumwambia umeme wa ukumbi umekatika, au naumwa tumbo. Nilipofungua mdomo alisema, "Twende, tusije tukakuta mtu kwenye kiti chetu." Tukaenda.

Filamu yote anaijua kwa masikio. Alikuwa akininong'oneza kila kitu kabla hakijatokea, na vile vichekesho vyako ameshavifanya vyake. "Sasa nondo," akasema, lakini nondo hayupo tena, nyota zote zimetulia. Daktari hakupita na trei. Sigara ya nahodha ni fupi kama inavyotakiwa. Umefanya kazi nzuri sana.

Pampu ilipoanza kupumua alinishika mkono, akauweka juu ya goti lake, akanyoosha shingo ili kile kipande chake kilingane na ukuta. Mkono ukatoka. Taa ikazimwa. Filamu ikaendelea.

Watu wawili zaidi wakaliwa. Halafu mama akaniuliza polepole, "Nimepitwa?"

Nikamwambia, "Umepepesa, mama."

"Miaka arobaini sijapepesa pale," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Basi macho yamekwisha."

Nilimwacha aamini hivyo. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia, kwamba macho yake yamekwisha au kwamba mumewe amefutwa, na nilimpa lile nililoona atalibeba. Sijui kama nilichagua vizuri. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Mwisho kabisa lilitokea jina lako. Nilihesabu, sekunde tano kamili. Mama hawezi tena kusoma maandishi meupe, akauliza ni jina gani hilo linalokaa peke yake namna hiyo. Nikamwambia ni la yule dada wa daftari. Akapiga makofi. Ukumbi mzima ulikuwa unatafuta miavuli na mabegi, yeye peke yake anapiga makofi, anasema, "Huyo anastahili. Alimpa maji."

Njiani aliniomba jambo moja. Filamu itaonyeshwa tena mwezi Juni. Anataka nimtengenezee miwani yenye nguvu zaidi, ili safari hii asipitwe.

Fundi miwani


Jumapili, 1 Juni

Mwanangu,

Sikuombi msamaha. Nakutumia ukurasa wa daftari, wa siku ile, nimeuchana kwenye mshono. Nimekata neno *Sawa* na chini yake nimeandika nilichopaswa kuandika. Sikutazama picha yoyote kwa sababu haipo. Nimeandika kutoka kichwani, na kichwa hicho ndicho kilichokuwa kikinipa riziki.

*Tukio la 41, mara ya tatu. Mkono wa kushoto unatoka ukutani, juu ya fundi wa mitambo aliyelala. Mpira umepanda vidole vinne juu ya kifundo. Ngozi inaonekana. Kovu dogo chini ya dole gumba, la kuungua na balbu. Saa ya duara, uso mweupe, kamba ya ngozi ya kahawia, imefungwa tundu la tatu, ncha ya kamba imetoka nje ya kishikizo chake. Saa inasema nane na dakika ishirini. Vidole vinatetemeka kidogo, hajalala, mtoto amezaliwa jana. Mkono unafika juu ya taa. Unasita. Unageuka kidogo kuelekea kwenye kamera, kisha unazima.*

*Aliyemo ndani: Ngazi, baba wa mtoto. Pasirekebishwe.*

Fanya nao utakalo. Ukiutupa, utakuwa umefanya haki.

Bi Daftari


Jumatatu, 16 Juni

Shangazi,

Niliuweka ukurasa wako wiki nzima chini ya mizani ya lenzi. Jana nimemsomea mama. Nilimwambia kwamba wewe uliiona kwa karibu kuliko kamera, na kwamba umeandika ili safari hii ajue pa kuangalia. Tazama, na mimi nimeanza kuficha.

Alinisikiliza akiwa ameshika kifundo chake mwenyewe. Nilipofika kwenye kovu akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilipofika kwenye kamba akanisimamisha.

"Tundu la nne," akasema.

Nikamwambia wewe ndiye uliyekuwepo, na kazi yako ilikuwa hiyo. Akasema kamba ilikuja na matundu matatu tu. Saa ilikuwa ya babu yangu, baba mzazi wa mama, mtu mnene, na baba yangu urefu wake wote ulikuwa mifupa. Ilikuwa inamzunguka mkononi kama bangili. La nne alilitoboa mama mwenyewe, kwa msumari uliochomwa moto, na halikunyooka na mengine. Kisha uso wake ukawa wa mtu anayeona kitu. Akaomba nisome tena. Nimesoma mara sita, na kila mara tulipofika pale alinitangulia.

Mara ya sita alipomaliza, akauliza miwani yake imefikia wapi.

Iko hapa mezani. Nimeikata jana jioni, lenzi nzito kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na nimeisugua hadi haina hata alama ya kidole. Wewe unajua na mimi najua kwamba miwani haitibu mshipa wa jicho. Kipande chake leo ni ukubwa wa punje ya mahindi. Na hata angekuwa na macho ya mtoto, pale ukutani hakuna kitu. Lakini ameijaribu, akageuka huku na huku, akasema inafaa.

Jumamosi tunakwenda. Kiti cha saba, na mimi cha sita, upande wa sikio lake zuri. Pampu itakapoanza kupumua nitamsomea ukurasa wako sikioni, polepole, ili maneno na mkono vifike pamoja. Nimeshaukariri.

Tafadhali sahihisha daftari lako. Tundu la nne.

Mtoto wa Ngazi